Maswali ya wasomaji: Magari yanayosemezana kwenye barabara ya Kasumbalesa

Toleo lililopita lilikuwa na makala fupi kuhusu vyuo vikuu vinavyochunguza namna magari yanavyoweza kupashana habari kwa redio, gari kwa gari, bila dereva kugusa kitu chochote. Barua zilizofika hapa Lubumbashi ni nyingi kuliko nilivyotazamia, na nyingi zimeandikwa na watu ambao chakula chao kinatoka kwenye usukani. Nimechukua sita na kuzifupisha bila kugeuza maana yake.

Bwana Mwandishi, jambo sana. Mimi ni dereva wa kamyo, na huu ni mwaka wangu wa 19 kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa mpakani; mara nyingi ninavuka hadi Ndola, Zambia. Sisi madereva tunasemezana tangu zamani. Aliye mbele akiwasha taa ya upande wa kulia, ananiambia nipite. Akiwasha ya kushoto, ananiambia nibaki nyuma, kuna gari linakuja. Kamyo ikiharibika, tunakata matawi ya miti na kuyalaza barabarani. Hiyo redio ya wasomi itaniambia nini ambacho taa na matawi havisemi? (Papa K., Ruashi)

Papa K., umekwisha kujibu nusu ya swali lako mwenyewe, maana waliotunga kanuni za redio hizi huko Ulaya waliishia mahali palepale ulipo wewe. Wana ujumbe wa aina mbili kuu: mmoja unatumwa wakati wote na kusema «niko hapa, ninaelekea kule, kwa mwendo huu», wa pili unatumwa pale tu penye hatari na kusema «kuna kitu hapa, jihadharini». Huo wa pili ni matawi yako. Tofauti ni kwamba tawi unaliona ukiwa umekwisha kulikaribia, na usiku, au nyuma ya vumbi la kamyo nyingine mwezi wa nane, pengine unaliona likiwa chini ya gurudumu.

Ujumbe wa kwanza hutumwa hadi mara 10 kwa sekunde moja, na ndani yake mna mahali gari lilipo, mwendo, upande linakoelekea, urefu wake na hali ya breki. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa kamyo hutembea mita 22 kila sekunde, kwa hiyo kati ya ujumbe mmoja na unaofuata imesogea mita 2 na kidogo. Linganisha na mtu: dereva mzuri, asiyesinzia, huchukua sekunde moja na nusu hivi tangu kuona taa nyekundu mbele yake hadi mguu kukanyaga breki, na katika muda huo kamyo imekwisha kula mita 33. Katika msafara wa makamyo matatu, wa tatu hujua kwamba wa kwanza amefunga breki baada ya wa pili kushtuka na kufunga zake. Kwa redio, wa tatu humsikia wa kwanza moja kwa moja. Jambo hili lilijaribiwa zamani kidogo: mwaka 1997, karibu na San Diego huko Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipanga magari madogo 8 yakifuatana kwa mwendo wa barabara kuu, yakiachana mita 6 na nusu tu, yakijiendesha yenyewe huku yakipashana habari kwa redio.

Sasa nije kwenye kupita, kwa sababu nadhani ndiko moyo wa barua yako uliko. Kamyo nyingi za barabara hiyo zimetoka nchi ambako watu huendesha upande wa kushoto, kwa hiyo usukani uko kulia. Zikiisha kuvuka mpaka na kushika upande wetu, dereva anakaa ukingoni mwa barabara, na ili achungulie mbele ya trela iliyo mbele yake, inabidi kwanza achomoze kichwa chote cha kamyo. Tufanye hesabu. Wewe uko kwenye 70, unayempita yuko kwenye 50, kila kamyo ina urefu wa mita 22, na unaacha mita 20 kabla ya kutoka na mita 20 nyingine kabla ya kurudi. Utahitaji sekunde 15. Katika sekunde hizo wewe umekwenda mita 290, na anayekuja upande wa pili kwa 80 amekwenda mita 330. Maana yake, unapotoka, barabara inapaswa kuwa tupu kwa zaidi ya mita 600. Redio hizi, penye uwazi, hufika mita 300 bila shida na huweza kufika mbali zaidi; lakini penye trela kati ya antena mbili umbali hupungua sana, kwa kuwa mawimbi yake ni mafupi, kama sentimita 5, na mawimbi mafupi hayapindi vizuri kuzunguka ukuta wa chuma. Nasema haya makusudi, kwa sababu wauzaji wa vifaa hupenda kuonyesha picha ya magari mawili madogo kwenye barabara tupu.

Hapo ndipo kazi ya vyuo inaponipendeza. Chuo Kikuu cha Porto, Ureno, kilitengeneza mfumo ambamo kamera iliyo kwenye kioo cha mbele cha kamyo hutuma picha kwa redio hadi kwenye gari lililo nyuma, na dereva wa nyuma huona kwenye skrini yake barabara iliyofichwa na kamyo, kana kwamba kamyo imegeuka kioo. Ile taa ya upande inakupa uamuzi wa mwenzako, ambaye hajui uzito wa mzigo wako wala nguvu ya injini yako. Picha inakuachia uamue mwenyewe. Watafiti haohao wa Porto, pamoja na wenzao wa Carnegie Mellon huko Marekani, walipima pia jinsi magari makubwa yanavyozuia mawimbi, wakagundua upande wa pili wa jambo: ukiweka antena juu ya gari refu na kulifanya liwe mpokezi na mtumaji wa habari za wengine, ujumbe hufika mbali zaidi kuliko ukipitia magari mafupi. Barabara ya Kasumbalesa imejaa magari marefu. Kile kinachoonekana kuwa kasoro yake kingeweza kuwa minara yake.

Nimenunua gari dogo la Toyota lililotumika Japani, limepitia Dar es Salaam. Fundi aliyenisaidia kusoma karatasi zake anasema lina redio ya kuzungumza na magari mengine na taa za barabarani. Je, hapa mjini itafanya kazi? (J. M., komini ya Kampemba)

Hapana, Ndugu J. M., na sababu yake unaijua tayari, kwa kuwa bila shaka umekwisha kuhangaika na redio ya muziki ya gari hilo. Redio za Japani zilitengenezwa kushika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, siku hizi hadi 95, ilhali vituo vyetu vimetawanyika hadi 108. Ndiyo maana watu hununua kile kidude kidogo cha kuongeza masafa na kukifunga nyuma ya redio. Kifaa unachokisema kina ugonjwa uleule, tena usio na kidude cha kuutibu. Toyota ilianza kukiuza Japani mwaka 2015, nacho hutumia masafa ya megahezi 760, ambayo katika kanda yetu yako ndani ya eneo lililopangiwa simu za mkononi. Ulaya na Marekani hutumia masafa mengine kabisa, karibu na gigahezi 5.9.

Hata huko kwenye 5.9 hawakubaliani. Marekani ilitenga megahezi 75 kwa kazi hii mwaka 1999. Miaka 20 ikapita magari yenye vifaa yakiwa machache, na mwaka 2020 wenye mamlaka wakakata megahezi 45 na kuzipa waifai ya kawaida, zikabaki 30. Kuna kambi mbili: moja inatumia redio iliyotokana na waifai, ambayo kanuni yake ilipitishwa mwaka 2010 na ambayo Volkswagen iliiweka kwenye Golf ya mwaka 2019, nyingine inatumia redio iliyotokana na simu. Gari la kambi moja halimsikii wa kambi ya pili, mfano wa watu wawili wanaosalimiana kila mmoja kwa lugha ambayo mwenzake hakufundishwa.

Na hata kama redio yako ingekuwa sahihi, ungezungumza na nani? Hesabu hii watu wengi hawaifanyi. Ikiwa gari 1 kati ya 10 lina kifaa, basi magari mawili yanapokutana, nafasi ya kwamba yote mawili yanacho ni 1 katika 100. Kikifika kwenye nusu ya magari yote, bado ni robo tu ya makutano. Chuo Kikuu cha Michigan kilielewa hivyo: kilipofanya jaribio lake kubwa kuanzia mwaka 2012, magari yapatayo 2,800 yenye vifaa yalikusanywa katika mji mmoja, Ann Arbor, badala ya kutawanywa nchi nzima, ili yakutane kweli. Kwa sababu hiyohiyo mimi siamini kwamba sisi tungeanzia katikati ya mji, kwenye taksi-bisi na pikipiki elfu kwa elfu, kila moja na mwenyewe. Barabara moja, yenye makamyo yaleyale yanayopita kila juma, mengi yakiwa mali ya kampuni zenye magari kwa makumi, ingetoa makutano mengi kwa vifaa vichache.

Papa Mwandishi, mimi ni mwanafunzi wa politekiniki, mwaka wa mwisho. Ninataka kuandika kazi yangu ya kumaliza masomo juu ya jambo hili, lakini sina gari, sina vifaa, na mwalimu wangu ameniuliza nitapima nini. Nimjibu nini? (Mwanafunzi, Lubumbashi)

Kijana wangu, mwalimu wako ameuliza swali zuri. Sehemu kubwa ya utafiti wa mambo haya duniani hufanyika bila gari hata moja, ndani ya kompyuta, na programu zenyewe ni za bure. Ya kwanza ni SUMO, iliyotengenezwa na kituo cha Ujerumani cha utafiti wa anga. Huiga mwendo wa kila gari peke yake. Inaweza kuchukua ramani ya OpenStreetMap, ile ya bure ya mtandaoni, kwa hiyo unaweza kuikata Lubumbashi kuanzia Kamalondo hadi Ruashi, ukapata njia zake ndani ya dakika chache. Kisha utatumia siku nyingi kusahihisha, kwa sababu ramani haitakuambia kwamba mahali fulani magari yote hukwepa upande mmoja kwa ajili ya mashimo. Ya pili ni Veins, inayofunga mwendo huo pamoja na mawasiliano ya redio, ili gari likisogea, na mawimbi yake yabadilike. Kompyuta ya kawaida inatosha ukianza na magari mia moja au mia mbili. Ninakushauri uiache ifanye hesabu usiku, umeme ukiwapo.

Jihadhari na kosa la kale. Kazi nyingi za mwanzo ziliyaacha magari yazurure ovyo kama watoto kwenye uwanja wa mpira, hayana njia, hayana makutano, hayana foleni. Majibu yakatoka mazuri mno, yasiyofanana na barabara yoyote. Ukitumia mwendo wa uongo, hata hesabu safi itakupa uongo.

Sasa upime nini? Vumbi usilichague, ingawa linavutia. Chembe za vumbi ni ndogo sana mbele ya wimbi la sentimita 5, kwa hiyo redio hupita pale ambapo jicho limeshindwa; ungeandika kurasa 60 kuthibitisha kwamba hakuna kilichotokea. Chagua makamyo. Weka sehemu ya barabara ya Kasumbalesa kwenye SUMO, jaza trela kwa wingi wake halisi, ambao unaweza kuuhesabu mwenyewe kwa daftari ukikaa karibu na peaji, pale magari yanapolipia barabara, kwa siku tatu, kisha uulize: ikiwa kamyo 1 kati ya 10 ina redio, habari ya gari lililoharibika itafika umbali gani kabla kamyo inayofuata haijafika hapo? Na ikiwa ni 3 kati ya 10? Na antena ikihamishwa kutoka kwenye kioo hadi juu ya kichwa cha kamyo? Utakuta pia tatizo ambalo limewasumbua wasomi tangu mwanzo: kila anayesikia habari akiirudia, wote hupiga kelele kwa wakati mmoja na hakuna anayesikika, kama sokoni mtu akipiga yowe la mwizi. Dawa moja iliyopendekezwa ni kwamba anayesikia kutoka mbali zaidi ndiye arudie kwanza, na walio karibu, wakisikia imekwisha kurudiwa, wanyamaze. Jaribu kama dawa hiyo inafaa kwenye barabara nyembamba ambayo magari yako kwenye mstari mmoja.

Ukitamani kitu cha kushika mkononi, kuna njia nyingine. Mwaka 2008 watafiti wa MIT, chuo cha Marekani, waliweka kwenye taksi 7 za eneo la Boston vifaa vya kupima mtikisiko pamoja na GPS, taksi zikaendelea na kazi yake ya kawaida, na kompyuta ikachora mahali penye mashimo. Kazi ngumu ilikuwa kutofautisha shimo na vitu vingine vinavyotikisa, kama vile kivuko cha reli. Sisi tuna reli na mashimo, na kuna mahali ambapo vyote viwili vimekutana. Simu ya kawaida siku hizi ina kipimo hicho cha mtikisiko ndani yake; taksi-bisi mbili zenye madereva waelewa zinatosha kuanza. Lakini ukifika kwenye hatua ya kurusha mawimbi hewani kwa kifaa cha gigahezi 5.9, usianze kabla ya kuomba ruhusa ya ARPTC, mamlaka ya nchi inayosimamia posta na mawasiliano, na barua hiyo iandikwe na chuo, isiwe jina lako peke yako.

Mimi ni mama mfanyabiashara wa Katuba. Kama gari langu linatangaza mara 10 kila sekunde mahali lilipo, si nitakuwa ninawaelekeza majambazi njia ya nyumbani? (Mama B.)

Mama B., wasiwasi wako una haki yake, na wasomi waliuona mapema. Chuo cha EPFL cha Lausanne, Uswisi, kilikuwa kati ya waliouchunguza kwanza. Ujumbe haubebi jina lako wala namba ya gari. Hubeba saini ya kielektroniki inayothibitisha kwamba umetoka kwenye kifaa halali, ili mtu asikae kando ya njia na kompyuta yake akitangaza ajali ya uongo. Lakini saini hiyo ni ya jina la bandia, na jina hilo hubadilishwa. Katika mpango uliotungwa Marekani, kila gari hupewa vyeti 20 vya majina hayo ya bandia kwa juma moja na hubadili kile linachotumia kila dakika 5 hivi.

Udhaifu upo, nisikufiche. Kubadili jina kunasaidia pale magari ni mengi, kwa mfano penye makutano, ambapo anayefuatilia hawezi kujua nani amegeuka nani. Gari likiwa peke yake saa nne za usiku kwenye njia ya vumbi, hata likibadili jina mara kumi, anayelifuata anajua ni lilelile. Hata hivyo redio hii husikika kwa mita mia chache tu, kwa hiyo jambazi angepaswa kuwa karibu nawe, na aliye karibu hivyo anaona gari lako kwa macho. Simu iliyo ndani ya mkoba wako inasema mengi zaidi kukuhusu.

Hiyo redio itakula mega zangu? (Kijana wa Kipushi)

La. Magari husikilizana moja kwa moja bila kupitia mnara wa kampuni ya simu, kwa hiyo hakuna kifurushi cha kununua. Hata ile redio ya kambi ya simu ina njia yake ya kusema gari kwa gari pasipo mnara, na hiyo ndiyo itumikayo kwa habari za hatari. Njia inayopitia mnara nayo ipo, kwa habari zisizo na haraka, na hiyo hulipiwa.

Bwana Mwandishi, mimi ninaleta makala, yaani makaa ya kupikia, mjini kwa baiskeli, magunia matatu au manne, ninaondoka kijijini kabla ya mapambazuko. Nimesikia makamyo yatazungumza. Baiskeli yangu haizungumzi. Nani ataiambia kamyo kwamba niko hapo? (Msomaji wa njia ya Kasenga)

Ndugu yangu, umegusa mahali ambapo utafiti wenyewe bado unatafuta njia. Mpango wa kwanza ulikuwa kila mmoja ajitangaze mwenyewe, na kwa mpango huo wewe haumo. Siku hizi watafiti wa Ulaya wanashughulikia ujumbe wa aina ya tatu, ambao gari halijisemi lenyewe tu, bali linasema kile ambacho kamera au rada yake imeona: «kuna baiskeli ukingoni, upande wa kulia, mita 40 mbele yangu». Kamyo ya kwanza ikikuona, ya pili na ya tatu zitajua habari zako kabla ya taa zao kukufikia, hata kama wewe huna kitu chochote cha umeme.

Kamyo ya kwanza, hata hivyo, lazima ikuone yenyewe. Magunia ya makala ni meusi, saa hiyo bado ni giza, na yanapofungwa nyuma hufunika kile kioo chekundu kidogo kilichokuja na baiskeli. Kamera ya kawaida, sawa na jicho la dereva, inahitaji kitu kinachorudisha mwanga. Kihamishe kioo hicho ukifunge juu ya gunia la mwisho, kwa kamba ileile unayofungia mzigo, kikitazama nyuma, na uangalie kila unapopumzika kama vumbi halijakifunika.